Kuchota bajeti kutoka Anaplan mpaka kwenye ghala la data bila namba kuharibika njiani

Ofisi nyingi ziko hivi: matumizi halisi yanatoka kwenye mfumo wa uhasibu na yanaingia ghala la data (hifadhi kuu ambayo ripoti zinasoma) kila usiku bila shida, lakini bajeti na makadirio yamekaa kwenye programu ya kupangia bajeti iliyoko klaudi, Anaplan au nyingine ya aina hiyo, na kinachounganisha hizo sehemu mbili ni mtu mmoja wa idara ya fedha ambaye kila Jumatatu anafungua Anaplan, anashusha Excel, anakopi, anapesti, anatuma kwa imeli, alafu ikifika saa nne asubuhi mkuu wa idara anauliza mbona namba za ripoti na za kwenye mfumo hazifanani. Hii kazi inaweza kujiendesha yenyewe kila usiku na wala sio ngumu kama watu wanavyodhani. Ila kuna sehemu ambazo ukikosea mfumo haulalamiki, unakupa tu namba ya uongo na kila mtu anaiamini. Hizo ndo nitakaa nazo zaidi.

Kabla hujagusa zana yoyote elewa jambo moja: data ya bajeti haina tabia ya data ya mauzo. Risiti ikishatoka imetoka, kama kuna makosa inatengenezwa risiti nyingine ya kurekebisha. Bajeti watu wanaibadilisha juu kwa juu. Leo meneja wa tawi la Mbeya kaweka milioni 40 za mafuta, kesho kapunguza kuwa 32, na ukifungua Anaplan unaona 32 basi. Historia ya nani kabadilisha nini ipo kwenye modeli lakini sio kitu cha kupigia ripoti. Kwahiyo kama unataka kujua bajeti ilisomekaje tarehe 15 mwezi uliopita, ghala lako la data ndo litunze hiyo kumbukumbu, hakuna mwingine atakayekutunzia. Karibu kila uamuzi huko chini unatokana na hili.

Anaplan yenyewe kwa kifupi. Kampuni ilianzia York, Uingereza, mwaka 2006, na hesabu zake zinafanyika kwenye memori ya seva ndo maana ukibadilisha namba moja jumla zote zinageuka hapo hapo. Ndani kuna modeli, ndani ya modeli kuna moduli, na kila moduli ni kama mchemraba: akaunti au mistari ya hesabu upande mmoja, listi za matawi au idara upande mwingine, muda, na vesheni (bajeti, makadirio, halisi). Kazi yako ni kuulaza huo mchemraba uwe mistari ya kawaida ambayo SQL, lugha ya kuuliza data ghalani, inaielewa. Kama nyie mnatumia Oracle Planning mawazo ni yale yale, mlango tu ndo tofauti, kule utatumia EPM Automate kuendesha kazi ya kutoa data na kushusha faili.

Anza ndani ya Anaplan, sio kwenye ETL

ETL ni ile kazi ya kuchota data, kuisafisha na kuipakia ghalani. Watu wengi wanarukia kuandika skripti zake kwanza. Hapana. Muombe anayejenga modeli akutengenezee moduli au mwonekano maalum wa kutolea data, usichote kutoka kwenye ile gridi ambayo watu wanaitumia kila siku, maana siku mtu akiongeza kolamu au akageuza mpangilio ili aone vizuri, mtiririko wako unakatika usiku wa manane. Mwonekano wako uwe wako peke yako na uandikwe jina ambalo mtu akiliona ataogopa kuligusa.

Mpangilio wa faili chagua ule wa jedwali lenye kolamu nyingi, yaani kila kipimo (muda, tawi, vesheni) kinapata kolamu yake na kila mstari unajitegemea. Ule wa gridi, ambao miezi imejipanga kwenda kulia, ni mzuri kwa macho ya binadamu lakini ETL itakusumbua kuugeuza.

Alafu jumla. Hapa tulia usome taratibu. Anaplan kwa kawaida inabeba miezi, robo mwaka, nusu mwaka na mwaka mzima kwenye kipimo kimoja cha muda. Ukitoa vyote ukavijumlisha kwenye ghala, shilingi moja imehesabiwa mara 4: kwenye mwezi wake, robo yake, nusu yake, na mwaka wake. Kama na listi ya matawi ina ngazi 3, tawi, kanda, taifa, hiyo shilingi inahesabiwa mara 3 nyingine, na 4 mara 3 ni 12. Bajeti ya bilioni 2 inasomeka bilioni 24. Hiyo kubwa kiasi hicho angalau utaishtukia, ila ikitokea kwenye ngazi moja tu ya listi moja, au kwenye matawi machache yenye kanda ndogo, inapita kimya kimya. Kwenye dirisha la eksipoti (kazi ya kutoa data nje) kuna kisanduku cha kuacha mistari ya jumla, kitiki. Jumla zote zitahesabiwa kwenye ghala.

Na usitoe asilimia. Asilimia ya faida ya tawi A na ya tawi B hazijumlishiki wala wastani wake hauna maana, toa mapato na gharama, asilimia ipigwe mwishoni kabisa kwenye ripoti. Viwango vya kubadilisha fedha vitoe lakini kwenye faili lake tofauti, na kiasi kibaki kwenye sarafu yake ya asili, kwasababu siku watu wa fedha wakibadilisha kiwango cha dola cha bajeti utataka kujua kilichobadilika ni kiwango au ni mipango.

Kitu cha mwisho huku ndani ni misimbo. Kila listi itoke na msimbo wake, sio jina peke yake. Jina "Tawi la Kariakoo" kesho mtu analiandika "Kariakoo - Tawi", na kwa ghala lako hayo ni matawi mawili.

Mtumiaji na ruhusa

Tengeneza mtumiaji wa mfumo, sio akaunti ya mtu. Mtu akiacha kazi na akaunti yake inafungwa, na bajeti yako inakauka siku hiyo hiyo. Kuna sababu nyingine pia: faili linalotoka kwenye eksipoti ni la mtumiaji aliyeiendesha, mwingine akiingia na akaunti yake halioni hilo, kwahiyo ukichanganya watumiaji utabaki unatafuta faili ambalo "limetoka" lakini halipo.

Tumia cheti cha usalama badala ya paswedi. Ofisi nyingi zimefunga kuingia kwa paswedi za Anaplan na zinatumia mfumo mmoja wa kampuni wa kuingilia, na hata kama haijafungwa, paswedi inaisha muda wake na hakuna anayekumbuka mpaka ripoti ikwame.

Ruhusa nazo ziangalie kwa makini kweli kweli. Eksipoti inatoa tu kile ambacho mtumiaji anaruhusiwa kuona. Kama mtumiaji wako hajapewa tawi jipya la Mwanza, faili litatoka vizuri, hali itasema imekamilika, hakuna kosa hata moja, ila Mwanza haimo. Mwambie msimamizi wa modeli kwamba kila tawi au kituo cha gharama kikiongezwa na mtumiaji wa mfumo apewe, na usitegemee kukumbukwa, weka ukaguzi ambao nitaueleza mbele.

Kuchota kwenyewe

Zana zipo nyingi. Informatica, MuleSoft, Boomi na SnapLogic zote zina kiunganishi cha Anaplan tayari. Anaplan wenyewe wana CloudWorks, inayoweza kupeleka data moja kwa moja Amazon S3, Google BigQuery au stoo ya faili ya Azure, na wana Anaplan Connect ambayo ni programu ya Java unaiendesha kwa skripti. Mtazamo wangu: kama ofisi ishalipia moja ya hizo kubwa, tumia hiyo hiyo, usianze kujenga chako. Kama mahitaji ni faili moja au mawili kwa usiku, CloudWorks inatosha kabisa. Kama una watu wanaojua Python na tayari mna Airflow (programu ya kupanga na kuendesha kazi kwa ratiba), nenda moja kwa moja kwenye API, yaani mlango ambao programu zinaongea na Anaplan bila kubofya, utapata uhuru wa kukagua kila hatua. Hata ukitumia zana ya kubofya bofya, jua kinachoendelea chini yake, kwasababu siku ikikwama ujumbe wa kosa utakuja kwa lugha ya API.

Mtiririko uko hivi. Kwanza unaomba tokeni, yaani pasi ya muda ya kuingilia, pale auth.anaplan.com, inaishi dakika 35 tu, kwahiyo kama eksipoti yako ni ndefu panga kuihuisha kabla haijafa. Kila ombi linalofuata linabeba heda ya Authorization yenye neno AnaplanAuthToken na tokeni yako. Pili unatuma POST (ombi la kuanzisha kazi) kwenye anwani ya eksipoti yenye namba ya eneo la kazi, namba ya modeli na namba ya eksipoti, mwishoni /tasks, nayo inakurudishia namba ya kazi. Tatu unaulizia hali ya hiyo kazi kila baada ya sekunde kadhaa, itakuwa NOT_STARTED, alafu IN_PROGRESS, alafu COMPLETE. Nne unaomba orodha ya vipande vya faili na kuvishusha kimoja kimoja. Namba za eksipoti zinaanza na 116 na namba hiyo hiyo ndo namba ya faili, hili linawachanganya wengi wanaotafuta namba ya faili sehemu nyingine.

Kuna mitego miwili hapo. COMPLETE maana yake kazi imeisha, haimaanishi imefanikiwa. Fungua jibu uangalie sehemu ya matokeo, successful iwe true, ikiwa false simama hapo hapo usishushe chochote, maana unaweza kushusha faili la jana ukadhani ni la leo. Mtego wa pili ni vipande. Usisome kila kipande kama CSV (faili la maandishi lenye kolamu) yake, vichwa vya kolamu viko kwenye kipande cha kwanza tu na usitegemee kwamba kipande kinaishia mwisho wa mstari. Viunganishe kwa mpangilio wake kama baiti tupu, kwanza viwe faili moja, ndo ufungue kusoma.

Na kama muunganisho umekatika katikati usikimbilie kutuma eksipoti nyingine. Ulizia kwanza ile ya mwanzo imefikia wapi. Zikienda mbili kwa pamoja zinaandika kwenye faili lile lile.

Mapokezi na kusafisha

Faili likishafika, kabla ya yote litunze kama lilivyo kwenye stoo ya faili, jina liwe na tarehe na saa. Nafasi ni rahisi, na siku mtu akibisha kuhusu namba utarudi kwenye faili la siku ile badala ya kubishana kwa maneno.

Alafu pakia kwenye jedwali la mapokezi, kolamu zote ziwe maandishi. Zote, hata za pesa. Ukiacha zana ikisie aina ya data, msimbo wa akaunti 004100 unageuka 4100 na hapo haukutani tena na ule wa uhasibu, na wewe utaona tu kwamba akaunti hiyo ina bajeti lakini haina matumizi na nyingine ina matumizi bila bajeti. Ugeuzaji ufanye mwenyewe kwenye hatua inayofuata kwa SQL, wazi wazi, mstari usiogeuzika uingie kwenye jedwali la makosa.

Muda ni sehemu nyingine ya kuangalia. Anaplan inaweza kukupa "Jul 24", wewe igeuze iwe tarehe kamili 2024-07-01 na mwaka wa fedha uupige kwenye kolamu yake tofauti. Serikali za Kenya, Uganda na Tanzania zote mwaka wao wa fedha ni Julai mpaka Juni, na taasisi nyingi zinazozifuata ziko hivyo hivyo, wakati kampuni mama iliyoko nje inaweza kuwa inaanza Januari. Kwahiyo "Q1" peke yake haina maana kwenye ghala, mmoja anasoma Julai mwingine anasoma Januari. Tunza mwezi, robo iwe inahesabiwa kutokana na kalenda uliyochagua.

Jedwali kuu liweje

Kolamu ni chache: tarehe ya picha, vesheni, mwezi, akaunti, kituo cha gharama, sarafu, kiasi. Picha ni nakala ya bajeti yote kama ilivyokuwa siku hiyo, na tarehe ya picha ndo siku uliyochota, na ndo inayokupa ile kumbukumbu niliyoisema mwanzo.

Namna ya kupakia: usifanye ile ya kulinganisha mstari kwa mstari, uliopo uusasishe na mpya uuongeze. Sababu ni hii. Eksipoti nyingi zimewekwa ziache mistari isiyo na kitu ili faili liwe dogo. Meneja akifuta zile milioni 32 za mafuta, huo mstari hautoki kabisa kwenye faili la kesho, na kwakuwa haupo kwenye faili, zana yako haina cha kusasisha, milioni 32 zinabaki ghalani milele. Badala yake futa mistari yote ya tarehe ya picha na vesheni husika, ingiza mipya yote, vyote ndani ya transaksheni moja (ikishindikana katikati hakuna kinachobadilika), ili hata kazi ikirudiwa mara tatu usiku mmoja matokeo yawe yale yale.

Ukubwa nao upige hesabu mapema. Akaunti 400, vituo 60, miezi 12, hiyo ni mistari 288,000 kwa vesheni moja kama kila kisanduku kina namba. Ukipiga picha kila siku mwaka mzima unafika zaidi ya milioni 105. Ghala la kisasa linabeba, ila kwanini? Tunza picha za kila siku kwa msimu wa bajeti ambapo ndo kuna mabadiliko, miezi mingine baki na picha ya mwisho wa mwezi, na ile siku bodi imepitisha bajeti picha yake iwekee alama na isifutwe kamwe.

Vesheni zinahitaji neno moja zaidi. Kwenye Anaplan vesheni ya makadirio inaweza kuwekewa tarehe ya kubadilishia, miezi iliyopita inaonyesha halisi na miezi inayokuja inaonyesha makadirio. Maana yake namba halisi za Julai mpaka Septemba zinaweza kutoka mara mbili, ndani ya halisi na ndani ya makadirio. Usijumlishe vesheni kamwe, na kwenye ghala weka kolamu ya kusema mwezi huu ndani ya makadirio ni halisi au ni kisio. Na halisi zenyewe usizitoe Anaplan kabisa, zilitoka kwenye uhasibu, zichukue huko huko.

Kukutanisha na uhasibu

Misimbo ya Anaplan na ya mfumo wa uhasibu mara nyingi haifanani, bajeti inapangwa kwa "Usafiri" moja wakati uhasibu una akaunti 6 za usafiri. Tengeneza jedwali la ulinganisho na mwenye kulimiliki awe mtu wa fedha, sio wewe wa data. Wakati wa kuunganisha kwa SQL tumia LEFT JOIN, inayobakiza mistari yote ya upande wa kwanza, mstari usiopata mwenzake uende kwenye fungu la "haijulikani" na uonekane kwenye ripoti. Ukitumia INNER JOIN, inayobakiza waliopata wenzao tu, mstari huo unapotea bila kuaga.

Sasa ule ukaguzi. Tengeneza eksipoti ya pili ndogo, jumla tu kwa kila mwezi na kila vesheni, ila hii ichotwe kwa akaunti ya pili ya mfumo yenye ruhusa ya kuona matawi yote bila kuchujwa. Baada ya kupakia, linganisha jumla ya ghala na jumla ya Anaplan. Ikizidi tofauti ya shilingi chache za kukadiria desimali, kazi isimame, ripoti ibaki na data ya jana na ujumbe uende kwa wahusika. Hapo ndo Mwanza inayokosekana itaonekana, na kisanduku cha jumla kilichotolewa tiki kitaonekana. Ukiwa na muda wa kujenga ukaguzi mmoja tu, jenga huu.

Ratiba, na mishahara

Airflow kwa kawaida inahesabu kwa saa za UTC, saa za kimataifa, na sisi tuko saa 3 mbele. Kazi ya saa saba usiku kwetu, kule bado ni saa nne usiku ya siku iliyotangulia, kwahiyo tarehe ya picha ikichukuliwa kwenye saa ya seva inabeba jana, na mwisho wa mwezi picha inaangukia mwezi usio wake. Tarehe iandike kwa saa za Afrika Mashariki waziwazi kwenye msimbo. Mpangilio nao uwe sawa: uhasibu ufunge, halisi ziingie ghalani, ziende Anaplan, makadirio yajihesabu, ndo uchote.

Mwisho ni mishahara, na hili nalisema kwa uzito. Bajeti ya watumishi mara nyingi imepangwa mtu kwa mtu, jina na mshahara. Ikitoka hivyo inaingia kwenye jedwali la mapokezi, kwenye stoo ya faili, kwenye logi, kwenye kompyuta ya kila anayejaribu jaribu, na huko hakuna ule ulinzi uliokuwa Anaplan. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, zote zinakuhusu. Jumlisha kwa idara huko huko ndani ya Anaplan kabla data haijatoka, na idara yenye mtu mmoja iunganishe na nyingine, la sivyo jumla ya idara ndo mshahara wake.

Ukianza, anza na vesheni moja na miezi mitatu. Kaa na mtu wa fedha, yeye kafungua Anaplan wewe umefungua ghala, mchague matawi matano na akaunti kumi msome namba kwa sauti moja baada ya nyingine, alafu yeye abadilishe namba moja na afute nyingine, mwendeshe kazi tena muangalie kama zote mbili zimefika. Zikifika ongeza miezi iliyobaki, kisha vesheni ya pili, na ile Excel ya Jumatatu iendelee kutumwa sambamba mpaka mwezi mmoja ufungwe namba zikiwa sawa pande zote mbili.